Andika Wewe, Mimi Nitatia Sahihi

Nimestaafu. Natanguliza neno hilo kwa sababu bado kuna vijana wanaobisha mlango wangu hapa Utange na bahasha mkononi. "Shikamoo Bi Tima, ni kitu kidogo tu." Marahaba. Si kidogo. Ni fomu ya kurasa kumi na nne, siku ya mwisho ni kesho kutwa, na insha umeandikiwa na simu. Usiniapie. Simu haijawahi kufika Changamwe, ndiyo maana insha yako inasema umekulia "katika mji wa pwani wenye pilikapilika na matumaini," na ndani yake hamna lori hata moja. Mtu wa Changamwe asiyetaja lori ama ni mwongo ama amelala tangu azaliwe.

Basi nimeamua kuyaandika haya mara moja, muyasome, mniache nipalilie mihogo yangu.

Kazi yangu ilikuwa kuwasaidia watu waingie shule za biashara. Wachache walijua kwamba kazi hiyo ipo. Mama yangu alifariki akiamini nauza fomu. Ofisi ilikuwa Mikindani, juu ya duka la spea za malori, chumba kimoja na feni moja, miaka ishirini na moja. Nimehesabu mara mbili. Ukitoa mwaka niliougua mgongo, ni ishirini. Waliokuja kwangu walikuwa makarani wa depo, wasimamizi wa viwanda, watu wa benki, na mwalimu mmoja wa madrasa aliyekuwa na akili ya biashara kuwashinda wa benki wote. Karibu kila mmoja aliletwa na kisa kile kile: kazini kwao kumeletwa kijana kutoka bara mwenye MBA, na katika wiki moja kijana amekuwa bosi.

Jambo la kwanza nililowafunza ni kupunguza maneno. Shule inataka insha ya maneno mia tano, mtu analeta mia tisa, tena anakuja na uso wa kubembeleza.

"Bi Tima, tuondoe mia mbili, yatosha."

"Mia nne."

"Hayo yote ni muhimu, wallahi."

"'Kwa kweli' imo mara saba. Hayo ni maneno kumi na manne na hatujapinda kona."

"Haya, mia tatu."

"Shule haikuuzii samaki, bwana. Mia nne."

Wa Likoni mmoja alianza insha kwa kuisalimia kamati, akawajulia hali wake zao na wanaowategemea, akawaombea afya. Maneno sitini na moja. Nilipoyafuta yote aliniangalia kama nimemtemea mate mgeni wake. "Hata salamu?" Hata salamu, mwanangu. Watu hao wana insha elfu za kusoma. Afya wataomba wenyewe.

Kuhesabu nilihesabu mara mbili, mara moja kwa mashine na mara moja kwa kidole, kwa sababu nilishaona mashine ya shule ikihesabu tofauti na ya kwetu, ikakata sentensi ya mwisho ya mtu ikiwa nusu. Alimalizia insha yake kwa "Nina hakika kwamba mimi." Hakuchukuliwa. Ningekuwa mimi ningemchukua, ilikuwa na fumbo.

Lakini hayo ni madogo. Lililonitia mvi ni barua ya mapendekezo.

Shule za biashara zinataka watu wawili wanaokujua kazini au masomoni waandike barua kukuhusu. Waandike wao, waitume wao, na wewe usiione. Hapo ndipo sisi tunapokwama. Mtu anamwendea bosi wake kwa adabu zote, anasimama mlangoni, anaeleza. Bosi hainui kichwa. Anasema maneno ambayo nimeyasikia yakinukuliwa mpaka nayaota: "Andika wewe, mimi nitatia sahihi."

Kwake huo ni wema. Amekuamini. Ila wewe umelelewa kwamba kujisifu ni aibu, kwa hiyo huwezi kuiandika, unaileta kwa Bi Tima. Na Bi Tima anaandika. Nimekuwa meneja wa benki. Nimekuwa mkuu wa kiwanda cha mafuta, nahodha wa tagi ya kuvuta meli, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Kuna siku nilikuwa watu wanne kabla ya adhuhuri. Nilijivunia hilo. Sasa nawaeleza lilivyonifika.

Zuhura alikuwa karani wa kuhesabu mizigo katika depo moja ya Changamwe. Kwao ni Shika Adabu, kila alfajiri akivuka feri. Alikuwa msichana mwembamba, mkimya, mwenye tabia ya kukuangalia mpaka umalize uongo wako. Alitaka shule moja ya biashara huko Nairobi, jina tuliache, na hangeweza kwenda bila ufadhili kwa sababu alikuwa anamtunza mama yake. Ufadhili ulikuwepo, na masharti yake yalikuwa ya ajabu: mtu anaomba mara mbili tu maishani. Ukikosa mara ya pili, umekosa milele.

Mara ya kwanza niliandika barua zote mbili. Moja ilikuwa ya bosi wake, Mzee Kombo, msimamizi wa depo. Nyingine ilikuwa ya mwalimu wake wa chuo. Nilibadili karatasi, nikabadili mwandiko wa mashine, nikampa mwalimu maneno makubwa na Mzee Kombo maneno mafupi. Kazi safi. Wakatia sahihi bila kusoma.

Baada ya mwezi shule ikajibu kwamba barua hizo zimetoka mkono mmoja. Zote mbili zilisema Zuhura haiamini nambari mpaka aione mara mbili. Sikukumbuka kuandika hivyo hata kidogo. Ilikuwa tabia yangu mimi! Nilimvika nguo yangu mara mbili na nikasahau kuivua. Ombi likatupwa.

Zuhura alikuja, akakaa, akanisomea jibu lile polepole. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Bi Tima, imebaki mara moja."

"Najua."

"Mwaka ujao usiniandikie."

"Na nani ataandika? Mzee Kombo? Yule hata majina ya walioalikwa harusi ya mwanawe aliandikiwa."

"Ataandika," akasema. "Wewe kazi yako umfanye aandike."

Kwa hivyo mwaka uliofuata nikashuka ngazi zangu nikaenda depo. Mwalimu wa chuo alikuwa amekwisha kuandika yake kwa siku moja, tena nzuri. Nikagundua kwamba miaka yote ile ningewaomba tu wenyewe. Mzee Kombo alikuwa jambo jingine. Mtu wa makamo ya kustaafu, kofia ya vito, miwani imefungwa uzi, na kikombe cha kahawa ambacho sijapata kukiona kitupu. Alikuwa amebakisha miezi michache kazini.

"Bi Tima! Karibu. Umeleta barua nitie sahihi?"

"Sikuleta. Naitaka kwako."

"Andika wewe bwana, mimi—"

"Mzee, tafadhali usilimalize hilo neno."

Mara ya kwanza aliniambia Zuhura ni msichana mzuri. Nikamwambia wasichana wazuri wako wengi kutoka hapa mpaka Mariakani. Mara ya pili akaongeza kwamba hachelewi. Nikamwambia hata treni sasa haichelewi. Akakasirika, akaniambia kama sifa zake hazinitoshi nikanunue kwingine.

Mara ya tatu ndipo nilipokumbuka hila ninayowapa leo bure, na shikeni kalamu. Usimwulize mtu akusifu. Sifa zote zinafanana. Mwulize siku uliyomuudhi.

"Mzee Kombo," nikasema, "Zuhura ameshawahi kukukera?"

Akaweka kikombe chini. Akaangalia mlango, kisha akaufunga.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nauliza."

Akakichukua kikombe, akakirudisha chini bila kunywa. Kisha akanieleza. Ilikuwa Ijumaa, adhana inakaribia, malori yamepanga foleni, na kulikuwa na shehena ya mchele iliyotakiwa iwe magunia mia sita. Yeye amekwisha kutia sahihi hati kwamba yametimia, anamtaka karani atie yake. Zuhura akasema magunia ni mia tano themanini na manane. Mzee akamwambia atie sahihi. Akakataa. Mzee akampigia kelele mbele ya makuli wote, na neno moja alilomwita hakunitajia.

"Akafanyaje?"

"Akasema, 'Abee mzee. Tuhesabu tena.'"

Wakahesabu tena, malori yanapiga honi. Mia tano themanini na manane. Magunia kumi na mawili yalikuwa yameshushwa ghala jingine. Hati ile ingetoka vile, magunia hayo angedaiwa Mzee, jina lake ndilo lililokuwa juu, na yeye ana miezi ya kuhesabu astaafu. Zuhura akaichana hati mbaya, akaandika nyingine, akamletea atie sahihi. Wala hakulisema tena, si kwake, si kwa mtu.

"Sikumwomba msamaha," Mzee Kombo akasema. "Utamwombaje mtoto msamaha?"

"Hilo ndilo uandike."

"Wewe! Niandike kwamba nilikosea? Kwa maandishi? Wapeleke Nairobi?"

"Wataliona watu watatu."

"Watatu ni wengi."

Tukapatana hapo kama tunauziana mbuzi. Yeye alitaka aandike kwamba "kulitokea tofauti ndogo ya hesabu." Nikakataa. Akataka aandike "msimamizi mmoja." Nikamwambia depo ina msimamizi mmoja. Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba nisimwambie Zuhura alichoandika, kwa sababu hataweza kumtazama. Nikakubali upesi, maana na shule nayo ilikataza mwombaji kuiona. Nilidhani nimepata kwa bei ya chini. Nawaambia, mapatano yakiwa mepesi hivyo rudini nyuma mkague.

Aliandika kwa Kiswahili, kwa mkono, karatasi mbili za daftari. Nikawauliza shule kama wanaipokea, wakasema wanaipokea. Akaituma mwenyewe kwa simu yake, kidole kimoja, saa nzima, jasho likimtoka. Sikumgusia hata kitufe.

Shule ikamwita Zuhura kwenye mahojiano, kwa kompyuta. Huko Shika Adabu mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo akaja kwangu. Nilimfunza wiki mbili. Namna ya kukaa. Kuitazama kamera. Kusema "mimi nilifanya" badala ya "tulijaliwa kufanya." Kujibu swali kabla ya kumshukuru aliyeuliza. Siku yenyewe nikamfungia mlango, nikakaa ngazini, na kwa vile mlango wangu ulikuwa wa mbao za makasha, nikasikia kila kitu.

Alikwenda vizuri mpaka nikaanza kujipongeza. Wanacheka naye. Anawatajia malori. Kisha mama mmoja, sauti ya upole, akamwuliza: "Tueleze mara moja ambapo mkubwa wako wa kazi alikosea na wewe ukamsahihisha."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Swali limeokotwa kwenye barua! Mwanangu, limeletwa kwenye sahani, kula.

Nikasikia kiti cha Zuhura kikilia. Akasema, "Mkubwa wangu wa kazi ni mtu makini sana. Sijamwona akikosea."

"Hata mara moja? Hata kwenye hesabu?"

"Hata mara moja."

Niliinuka ngazini nikakaa tena. Miaka yote ile nilikuwa nimepeleka barua za uongo na watu wakweli. Mwaka huu nimepeleka barua ya kweli, na mtu mkweli kuliko wote ninaowajua ameikanusha.

Akatoka anatabasamu. "Bi Tima, imekwenda vyema, alhamdulillahi."

"Zuhura, magunia ya mchele."

Tabasamu likaisha. "Umeyajuaje?"

"Kwa nini umewaambia hakukosea?"

"Ningewaambiaje? Ni mzee wangu. Ni jambo la yeye na mimi. Niende nimuumbue mbele ya watu baki ili mimi nipate shule?"

"Ameandika mwenyewe!"

"Nani?"

"Mzee Kombo! Kwenye barua! Karatasi mbili! Ameandika alikosea, ameandika alikupigia kelele, ameandika uliokoa jina lake. Na wewe sasa hivi umewaambia wale watu kwamba barua yako ni uongo. Kwa mara ya pili!"

Akakaa kwenye kiti cha wateja, machozi yakimtoka. Nilidhani analilia nafasi yake. Akasema, "Mzee Kombo ameandika hivyo?" Akarudia. "Kwa mkono wake?" Ndipo nikajua kilichokuwa kinamliza, na kwamba ahadi yangu kwa Mzee nimeivunja.

Kosa lilikuwa langu, na nilililipia pale pale kwa mgongo kuniuma. Nilimfunza kila kitu nikamwachia tundu moja. Kijana wa kwetu atakwambia ukweli wote unaomhusu yeye. Aibu ya mkubwa wake hatoi mpaka mwenye aibu ampe ruhusa. Watu wa shule hawalijui hilo, wanaona mtu aliyeongopa. Mimi nalijua, nimezaliwa nalo, na nilikaa ngazini kama gunia la kumi na tatu.

Nikavuta kompyuta. "Nawaandikia sasa hivi. Nitaeleza—"

Akaweka mkono juu ya vitufe. "La, Bi Tima. Safari hii huandiki."

"Wakikukataa ndiyo basi, unajua?"

"Najua. Twende depo."

Tulimkuta Mzee Kombo na kahawa yake. Zuhura akasimama mlangoni, akamwamkia, akamweleza yote bila kupamba. Mzee akavua miwani.

"Umewaambia sijakosea?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nimesema kweli kwa maandishi mara moja katika umri wangu wote, nikakesha kwa homa, na wewe umekwenda kunifanya mwongo!"

"Nisamehe, mzee. Sikujua kama umesema."

"Ungelijua?"

"Ningekuja kukuuliza kwanza."

Akageuka ukutani. Kulikuwa na kalenda ya kampuni ya matairi, akaisoma kana kwamba ina habari mpya. Alipotugeukia sauti ilikuwa imeshuka. "Waambie. Nimekuruhusu. Waambie yote, usinipunguzie. Hata lile neno nililokuita."

"Hilo silisemi."

"Nakuamuru."

"Kazini unaniamuru, mzee. Hilo silisemi."

"Robo yake, basi."

"Hata herufi."

Mimi niliyeishi kwa kupatana nilibaki kutazama, maana sijapata kuona mtu akishindana kuongezewa makosa. Mzee akanigeukia niamue. Nikasema neno libaki depo. Akakubali shingo upande, akaongeza: "Na wewe, Zuhura, siku ile... ulihesabu vizuri." Kwa Mzee Kombo huo ulikuwa msamaha na hotuba yake.

Zuhura aliwaandikia shule pale pale, amesimama, kwenye simu yake. Sikumpa neno. Sentensi tatu: "Barua ya Mzee Kombo ni ya kweli. Nilisema hajakosea kwa sababu hakuwa amenipa ruhusa ya kusema. Leo amenipa: magunia yalikuwa mia tano themanini na manane." Akanionyesha. Nikatafuta la kupunguza mara mbili, sikuona.

Tukasubiri siku kumi na tisa. Siwaelezi siku hizo; mgongo wangu unazikumbuka. Siku ya ishirini wakajibu wamemchukua, na ufadhili wamempa. Kuhusu ile barua ya sentensi tatu hawakusema kitu, na kuhusu mahojiano hawakusema kitu. Shule ni hivyo, zoeeni.

Baada ya Zuhura sikumwandikia mtu barua tena. Wateja walipungua nusu, waliobaki niliwaandamia mpaka kwa mabosi wao. Na kila aliyeitwa mahojiano nilimtuma kwanza kwa yule atakayemtaja, akaombe ruhusa. Vijana wanaona ni ushamba. "Bi Tima, nikamwombe bosi ruhusa ya kusema alinikosea?" Ndiyo. Nenda na mkate wa mofa kama unaogopa. Hiyo simu yako haiwezi kwenda kwa niaba yako, na kuomba ruhusa ndilo jambo la pekee ambalo kamati haijapata kuliona kwenye insha nyingine.

Siku ya majibu Zuhura alitaka barua ya kukubaliwa ichapishwe ampelekee Mzee Kombo aione. Nikaichapisha nzuri, ya rangi. Mzee akaisoma mpaka chini, akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma.

"Hawajaandika chochote juu ya barua yangu?"

"Hawaandiki, mzee. Aliyeomba ni Zuhura."

Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaubonyeza mfuko.

"Mzee," Zuhura akasema, "hiyo ni yangu."

"Yako iko kwenye simu," akamjibu, akainua kikombe chake.